Mafundi wa kamera Mombasa, acheni kulipua kazi! King'ora changu hakikulia wezi walipoingia

Jamani, nina hasira hadi mikono inatetemeka. Duka langu liko Kongowea. Nimelipa pesa nzuri nifungiwe kamera, sensa ya mlango na king'ora, vyote viunganishwe na DVR, ile mashine inayorekodi picha za kamera. Wezi wamevunja usiku, wamebeba mali, na king'ora kimya! Majirani wamelala hadi asubuhi.

Nimeita fundi mwingine, akaigeuza mashine nikaona kwa macho yangu. Yule wa kwanza alichukua nyaya mbili za king'ora akazibana kwenye matundu ya alamu nyuma ya DVR, basi, akaenda zake. Matundu yale hayatoi umeme! Mle ndani mna rilei, ni kama swichi tu. King'ora cha volti 12 lazima kipate moto wake kutoka kwa pawasaplai, kisha waya mmoja ndio upitishwe kwenye rilei. Kikiwa kikubwa kinachovuta moto mwingi, unaongeza rilei ya nje, la sivyo ile ndogo inaungua. Na nyaya za sensa alizisokota kwa mkono, hata tepu hakuzifunga. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, shaba imeshaota kijani.

Angefungua mlango mara moja tu mbele yangu kabla ya kupokea pesa, tungejua hapo hapo kuwa hakilii.

Haya, polisi wakataka video. Nachomeka fleshi mpya ya GB 64, DVR haiioni. Nampigia yule fundi wa kwanza, hashiki simu. Kumbe mashine yangu inataka fleshi iliyofomatiwa, yaani iliyoandaliwa, kwa mfumo unaoitwa FAT32, na hii haikuwa hivyo. Ni neno la dakika moja, angeniambia siku ile ile! Nikaishia kurekodi skrini kwa simu, sura ya mwizi ukungu mtupu. Nilipopata wa kunisaidia, diski ilikuwa imejaa na DVR imeshaandika juu ya picha za usiku ule. Ushahidi umekwenda.

Mwenye duka unayesoma hapa, usimalize kulipa kabla fundi hajafungua mlango king'ora kikalia, na kabla hajanakili video kwenye fleshi yako ukaifungua kwenye kompyuta. Akikataa, zuia pesa zako.

Nani mwingine amefanyiwa hivi Mombasa? Na kama kuna fundi wa Nyali au Bamburi anayejaribu kazi yake mbele ya mteja, mtajeni, namhitaji wiki hii.