Simu ya "bure" yenye kufuli: Marekani ifuate Uingereza, au watu waachwe wakope?

Mbeba Boksi (Columbus, Ohio)

Wadau, habari za wikiendi. Leo naomba tuchambue hizi simu tunazopewa "bure" na mitandao ya Marekani, pamoja na kifurushi cha familia kinachokwenda nazo. Swali langu ni hili: serikali ipige marufuku kuuza simu zilizofungwa, yaani zisizopokea laini ya mtandao mwingine, kama Uingereza ilivyofanya Desemba 2021, au iache mambo yalivyo?

Naanza na bili yangu, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Nina laini tano kwa jina langu: mimi, mama watoto, mama mkwe, mdogo wangu, na binamu aliyefika kutoka Dodoma mwaka juzi. Hesabu ilikuwa rahisi. Laini moja peke yake ilikuwa dola 75, lakini ukiongeza ya tano unalipa 25 tu. Sasa ndugu yako alipe 75 wakati kwako nafasi ipo? Akapewa na simu mpya ya dola 720, nayo "bure". Nikasaini kwa kidole kwenye tableti pale dukani, huku mwanangu ananivuta suruali anataka chooni. Nisingeweza kusoma hata ningetaka.

Binamu akapata kazi kwenye ghala Texas, akahama. Miezi miwili baadaye hela yake ikaacha kuja. Nikapiga simu niiondoe laini yake. Dada wa huduma kwa wateja, kwa upole kabisa: "Tunaweza kuiondoa leo hii, na dola 440 zitaingia kwenye bili inayofuata."

Nikaifungua bili, safari hii nikaisoma mstari kwa mstari. Kumbe ile bure ni mkopo wa miezi 36. Kila mwezi wanakutoza dola 20 za simu, na mstari wa chini yake wanakurudishia dola 20. Huo mstari wa kurudisha upo maadamu laini ipo. Tulikuwa tumemaliza miezi 14, imebaki 22. Piga mara 20. Simu iko mfukoni mwa mtu Texas, deni liko kwa jina langu Ohio. Na yeye akitaka kujitegemea hawezi, kwa sababu simu imefungwa, haipokei laini ya mtandao mwingine mpaka hizo 440 ziishe.

Zamani angalau mtego ulionekana. iPhone 3G mwaka 2008 ilikuwa dola 199, lakini unasaini miaka miwili na unajua ukitoka mapema kuna faini. Novemba 2009 mtandao wa Verizon waliipandisha faini ya simu janja hadi dola 350, watu wakapiga kelele mpaka FCC, tume ya mawasiliano, ikadai maelezo. Machi 2013 T-Mobile wakatangaza wamefuta mikataba, wengine wakafuata mmoja mmoja, sisi tukashangilia. Mkataba ulitolewa mlangoni ukaingia dirishani, sasa unaitwa punguzo.

Mimi nasema kufuli lipigwe marufuku. Nawasilisha.

Dereva wa Usiku (Houston)

Mkuu, pole na binamu. Ila hapo kufuli halina kosa. Wewe ulimdhamini mtu kwa saini yako, akakuangusha. Hata ungemdhamini kwenye kodi ya nyumba yangekukuta hayohayo.

Nikwambie faida ya kufuli. Mimi nilifika nchi hii sina historia ya mikopo hata ya dola moja. Hakuna aliyekubali kunipa simu kwa mkopo. Nilichopata ni simu ya kulipia kabla, nimeitoa supamaketi kwa dola 40, wakati thamani yake haikupungua 150. Imefungwa, ndiyo. Lakini nilipigia mama siku ileile. Kwa nini waliniuzia 40? Kwa sababu walijua nitakaa kwao miezi kadhaa. Ondoa kufuli, kesho yake kuna jamaa atanunua simu hamsini, zitapakiwa kwenye boksi na kuuzwa nje kwa bei kamili. Tena tunawajua, wengine ni sisi sisi.

Mwaka 2019 FCC yenyewe iliwaruhusu Verizon kufunga simu zao kwa siku 60 za mwanzo kwa sababu hiyohiyo ya utapeli. Na Julai 2024 tume ilipopendekeza hizo siku 60 ziwe sheria kwa mitandao yote, AT&T na T-Mobile walisema wazi kwamba punguzo zitapungua. Unaweza kusema wanatetea mfuko wao, sawa. Lakini anayeumia punguzo likiondoka ni mgeni aliyeshuka jana, siyo wewe mwenye laini tano.

Shangazi (Leicester)

Wanangu, huku Uingereza marufuku hiyo tunayo, basi niwaeleze ilivyo. Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano huku, walikataza kuuza simu zilizofungwa, na bado simu za mkataba ziko tele madukani. Haikutokea ile kiama mnayotishwa nayo.

Lakini wewe wa Columbus usidhani ungepona. Mjukuu wangu alichukua simu kwa mkataba wa miezi 24, mwezi wa pili akaona mtandao mwingine una bando kubwa, akahamia huko. Simu ilikubali, haina kufuli. Mkataba wa kwanza nao haukwenda popote! Akawa analipa huku na huku, mpaka baba yake akagundua. Kufuli na deni ni vitu viwili.

Faida ninayoiona mimi ni ya safari. Nikishuka Mombasa naweka laini ya pale pale uwanjani, mambo ya kukatwa pauni kwa kila dakika siyajui.

Fundi wa Luthuli (Nairobi)

Nyinyi mnalia na kufuli ya mtandao. Huku kwetu kufuli iko kwa simu yenyewe.

Safaricom na Google walileta Lipa Mdogo Mdogo mwaka wa 2020, shilingi 20 kwa siku, na sasa wauzaji wa simu za mkopo ni wengi hadi unachanganyikiwa. Sikatai, imesaidia. Mama mboga ambaye hangeweza kutoa elfu nane kwa mkupuo leo anapokea oda kwa WhatsApp. Lakini ukiruka malipo, simu inajifunga yote. Hakuna picha, hakuna WhatsApp, unabaki na skrini ya kukuambia lipa. Sasa huyo mama ataitisha pesa za kulipa na nini, na wateja wake wako ndani ya hiyo simu?

Kila wiki naletewa hizo. Kijana amenunua kwa mtu barabarani, imejifunga, anataka niifungue. Namwambia ukweli: hata nikiisafisha, ikishika intaneti inajifunga tena, kwa sababu namba ya utambulisho ya simu yenyewe (IMEI) imeandikwa kwa mitambo ya aliyekopesha. Anatoka hapa amenuna kama mimi ndiye nimemuibia.

Kwa hivyo Dereva, ukisema kufuli inasaidia maskini, uliza pia ni nani amebaki na simu iliyokufa mkononi.

Dereva wa Usiku

Fundi, mwenyewe umesema mama mboga amepata simu. Bila kufuli nani angempa?

Fundi wa Luthuli

Angepata bei nafuu, ndugu yangu. Kenya iliondoa VAT kwa simu mwaka wa 2009, ikairudisha 2013. Mnatoza ushuru simu ikiingia, halafu mnamkopesha mama mboga ndiyo aweze kulipa huo ushuru kidogo kidogo. Hiyo ndiyo mnaita msaada?

Mtu wa Mwenge (Dar es Salaam)

Hata sisi. Bajeti ya 2021 VAT ilitolewa kwenye simu janja, ya 2022 ikarudi, serikali ikaona mwananchi hakupata nafuu yoyote. Na kweli mimi dukani sikuiona. Bei ilibaki ileile, nafuu ikaishia kwa muagizaji. Kwa hiyo Fundi, na kodi nayo siyo dawa peke yake.

Ila mada ni ya Marekani, turudi huko.

Mama Watatu (Minneapolis)

Mnazungumza kufuli na bei kwa kirefu, na hicho kifurushi cha familia mnakipita juu juu. Mimi nilikuwa laini ya pili kwenye akaunti ya mtu mwingine kwa miaka sita. Yangu yote siandiki hapa. Nitasema tu mwenye akaunti anavyoweza kukaa sebuleni akaona umepiga namba gani, saa ngapi, dakika ngapi. Anaweza kuikata laini yako akiwa kazini kwake. Na namba yako, ile ambayo shule ya watoto inayo, hospitali inayo, benki inakutumia namba ya siri, huwezi kuhama nayo mpaka yeye akubali. Si yako kwa karatasi.

Desemba 2022 Marekani ilipitisha sheria inayoitwa Safe Connections Act. Aliyenyanyaswa nyumbani akiwasilisha ushahidi wake, kampuni inatakiwa itenganishe laini yake na ya mnyanyasaji ndani ya siku mbili za kazi. Haina ruhusa kumtoza faini kwa kutoka, kumzuia asihame na namba, wala kusubiri ridhaa ya mwenye akaunti.

Sasa niulize wataalamu. Kama mitambo yao inaweza kunitoa mimi kwa siku mbili, kwa nini haiwezi kumtoa binamu wa Columbus na deni lake likamfuata kwa jina lake? Msiniambie haiwezekani kiufundi. Inawezekana, hawataki tu, kwa sababu laini tano zilizofungwa pamoja haziondoki. Mmoja akitaka kuhama lazima awashawishi wanne.

Mimi sina shida na kufuli la simu. Kufuli la akaunti ndilo lililonikalia shingoni.

Dereva wa Usiku

Dada yangu, hapo sina la kukujibu. Pole sana.

Mpenda Mtumba (Toronto)

Canada tangu Desemba 2017 ni marufuku kutoza ada ya kufungua simu, na mpya zote zinauzwa zikiwa wazi. Kabla ya hapo watu walikuwa wanatoa kama dola 50 kufunguliwa simu waliyoimaliza kuilipa wenyewe! Dereva, wizi hapo ulikuwa wa nani?

Ushauri wangu kwa wageni ni mfupi: nunua simu iliyotumika ya miaka miwili nyuma, lipa taslimu, weka laini ya kulipia kabla. Huna bure, huna binamu.

Dereva wa Usiku

Taslimu ya wiki ya kwanza ulitoa wapi wewe? Kwa mjomba?

Mpenda Mtumba

Kwa mjomba, ndiyo 😂 Lakini yeye sikumsainisha.

Mbeba Boksi

Nimewasoma wote. Narudi nyuma hatua moja: Shangazi amenionyesha kwamba ningepata ile marufuku ya Uingereza, leo bado ningedaiwa 440. Bado nataka kufuli liondoke, lakini hasira yangu niliielekeza pasipo. Alichosema Mama Watatu ndicho ningekiomba kwa mbunge, kama wabunge wanasoma: mtu mzima yeyote atoke kwenye akaunti na namba yake, simu yake na deni lake, bila kumwomba mtu.

Nimejaribu hilo leo asubuhi. Nimepiga tena, nikauliza kama laini ya binamu inaweza kuhamia kwa jina lake. Jibu: inawezekana, ila lazima apige yeye mwenyewe, watampima historia yake ya mikopo kwanza, na akishahamia, zile dola 20 za kurudishiwa hazimfuati. Yaani nikimtoa mimi nalipa 440, akitoka mwenyewe analipa yeye 440. Mtandao hauguswi popote.

Nimemtumia binamu namba ya kupiga na maelezo yote, kwa upole, nikaanza na salamu za mama yake. Tiki mbili za bluu zimetokea saa tano asubuhi. Sasa ni saa mbili usiku.