Kingamwili za BVD kwa ng'ombe 15 kati ya 22: niwauze?

MfugajiMeru
Wakuu, salaam. Kundi ni ng'ombe 38 wa maziwa, chotara wa Friesian, wanalishwa bandani. Mimba zinatoka, na ndama mmoja amezaliwa kipofu. Brusela imepimwa, haipo. Sampuli 22 za damu za wakubwa zimeenda maabara na 15 zina kingamwili za BVD (ugonjwa wa virusi wa kuharisha ng'ombe). Chanjo yake haijawahi kutolewa hapa. Hao 15 ndio wa kuuza? Na ugonjwa umeingiaje kwa ng'ombe wasiotoka nje?

Daktari wa Mifugo
Usiuze hata mmoja kwa matokeo hayo. Kingamwili zinaonyesha kwamba ng'ombe alishakutana na kirusi, akakishinda, na sasa ana kinga. Wa kuanza kuwatilia shaka ni wale saba wasio nazo.

Shida yote iko kwa mbebaji wa kudumu. Mama akiambukizwa mimba ikiwa na siku kama 40 hadi 120, kinga ya kijusi haijakomaa, hivyo mwili wake unakipokea kirusi kana kwamba ni chake. Akizaliwa hai atakitoa maisha yake yote kwa mate, makamasi, maziwa na kinyesi, na kipimo cha kingamwili kwa kawaida kitamwonyesha hana kitu. Wengi hudumaa na kufa kabla ya miaka miwili, ila wapo wanaonenepa na kukamuliwa vizuri tu. Wabebaji kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2 ya ng'ombe, lakini mmoja anatosha kuambukiza banda zima. Maambukizi ya baadaye kidogo, hadi siku 150 hivi, ndiyo huleta ndama vipofu au wanaoyumba, kwa hiyo huyo wako analingana na BVD.

Maabara_Kaskazini
Sasa omba kipimo cha antijeni, yaani kinachotafuta kirusi chenyewe. Piga simu kwanza TVLA (Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania) kanda ya Arusha uulize kama vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vipo, usije ukapeleka sampuli zikakaa.

Kuokoa fedha, anza na ndama. Ndama akiwa safi, mama yake naye ni safi, kwa sababu mbebaji huzaa mbebaji. Kisha pima madume, mitamba, na kila jike ambaye ndama wake amekufa, ameuzwa au amepimwa akakutwa na kirusi. Kwa ndama wa chini ya miezi mitatu chukua kipande cha sikio. Damu yao hudanganya, maana kingamwili za dang'a (maziwa ya kwanza ya mama) huificha antijeni. Atakayekutwa na kirusi mtenge, umpime tena baada ya wiki 3 hadi 4. Aliyeambukizwa juzijuzi atakuwa ameshasafika. Akikutwa nacho tena, ni mbebaji.

Mbebaji wa mwisho akishaondoka, endelea kupima kila ndama anayezaliwa kwa miezi 12. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaacha mapema, wakati mbebaji mwingine bado yuko tumboni.

Mtaalamu wa Uhimilishaji
Kuhusu njia ya kuingia, ulizia kwanza mitamba wenye mimba walionunuliwa. Mtamba anaweza kuwa safi mwenyewe huku amebeba ndama mwenye kirusi, na karantini haimfichui. Mpime ndama siku anayozaliwa, kabla hajachanganywa na wenzake. Halafu dume la kuazimana, mbegu za dume lisilopimwa, sindano moja kwa ng'ombe wengi, na glavu ya kupimia mimba isiyobadilishwa. Buti na ndoo zioshwe kwa sabuni, kisha dawa ya kuua vimelea. Kirusi hiki hakihimili dawa za kawaida.

MfugajiMeru
Asanteni sana. Chanjo ikipatikana, nianze nayo?

Daktari wa Mifugo
Hapana, mtafute mbebaji kwanza. Chanjo haimponyi, na akibaki ndani atawalemea hata waliochanjwa. Baada ya hapo, mitamba wachanjwe kabla ya kupandishwa, dozi zote za mwanzo ziwe zimekamilika. Mbebaji mwenyewe apelekwe machinjioni, asiuzwe mnadani akaharibu kundi la mwenzako. BVD haiambukizi binadamu, hivyo nyama yake ikipita kwa mkaguzi inaliwa.