Amefunika kompyuta yangu mfumo ukiwa unafanya kazi, kisha akaniuliza sampuli yangu iko wapi

Nzovwe_Mwisho (mleta mada)

Wakuu, naandika nikiwa bado nimevaa tai, kwa sababu nikisubiri hadi kesho nitapunguza makali ambayo hayastahili kupunguzwa. Nimetoka sasa hivi kwenye utetezi wa tasnifu yangu ya uzamili katika chuo kimoja hapa Mbeya. Mjumbe mmoja wa jopo, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa kila aliyesoma teknolojia ya habari kuanzia Tunduma hadi Makambako anamtambua kwa kikohozi chake tu, amenyoosha mkono na kufunika kompyuta yangu wakati mfumo unafanya kazi mbele ya watu. Hakuniomba nisimame, wala hakusema kwamba ameona inatosha. Alifunika.

Kazi yangu inahusu kupima menyu za nyota na reli, zile ambazo mkulima mwenye kitochi huzitumia kuuliza bei na kupokea malipo bila intaneti. Ujumbe mmoja wa menyu hizo hauzidi herufi 182, na mtandao hukata mawasiliano mtumiaji akichelewa kujibu. Watengenezaji wengi huandika menyu kwa Kiingereza kwanza, halafu wanatia Kiswahili juu yake, maneno yanarefuka, na kinachokatwa ni mwisho wa ujumbe, ambako mara nyingi ndiko kuna kiasi cha fedha au namba ya kughairi. Nimeandika programu inayopita njia zote za menyu yenyewe bila mtu kubonyeza, inajaza majina marefu na kiasi kikubwa cha fedha, kisha inaonyesha mahali ujumbe ulipokatika. Nikapandikiza kasoro ninazozijua, nikawapa wajaribu menyu zile zile wazikague kwa mkono, nikalinganisha. Alipofunika, ukutani palikuwa na menyu ya malipo ya wakulima wa parachichi wa Rungwe yenye maneno "Je, unathibitisha kupokea Sh", na baada ya hiyo "Sh" hapakuwa na kitu. Kasoro ndiyo hiyo. Tasnifu nzima ilikuwa inamulika pale ukutani, na yeye akaifunika kwa mkono ambao haujaandika mstari hata mmoja wa programu tangu enzi za disketi.

Kisha akauliza: "Umegawa dodoso ngapi? Kanuni ya Yamane iko wapi?" Kanuni ya Taro Yamane, iliyomo katika kitabu chake cha takwimu cha 1967, inakuambia uhoji watu wangapi katika kundi ambalo idadi yake unaijua: ukiwa na watu 400 na kosa la asilimia 5, unahoji 200. Ni kanuni halali kwa anayetafuta maoni ya watu, lakini mimi sikutafuta maoni ya mtu yeyote, na menyu haina maoni. Tangu mwaka 2004 Hevner na wenzake walipochapisha makala yao kuhusu utafiti wa usanifu katika jarida la MIS Quarterly, anayefundisha mifumo ya habari hana kisingizio cha kutojua kwamba kuunda kitu ili kutatua tatizo, na kukipima kwa ukali, ni utafiti. Niliyaeleza hayo katika Sura ya Tatu. Hakuifungua sura hiyo. Alichojishughulisha nacho ni kufunika tu.

Hukumu: "Hiki ni kijiprogramu, si utafiti. Marekebisho makubwa." Sasa nirudi Rungwe nikawaulize wakulima kama wanakubali, wanakubali sana au hawakubali kabisa, wakati mwaka huu wamejaza dodoso nyingi kuliko parachichi walizochuma! Wakuu, hii ni haki?

Kipunji

Pole sana, mkuu. Huyo ndiye aliyemwambia rafiki yangu kwamba kugundua kasoro katika programu ni kazi ya fundi simu. Ukiwa mbele yake na dodoso, hata kama umelijaza mwenyewe chumbani usiku, unapita.

Mnyalukolo wa Kitwiru

Kamwene wote. Msidhani ni Mbeya peke yake. Huku Iringa tunaye wa kwetu anayelazimisha kila mwanafunzi achore mchoro wa maporomoko wa kutengeneza programu, yaani mahitaji, usanifu, uandishi, majaribio, hatua baada ya hatua bila kurudi nyuma, na chini ya mchoro uandike Royce, 1970. Niliisoma makala yenyewe. Winston Royce alichora mchoro ule, kisha akaandika kwamba kuufuata hivyo ni hatari na kunakaribisha kushindwa, na kurasa zinazofuata ni za kuurekebisha. Nilipomwonyesha ukurasa, aliniambia nisibishane na wataalamu. Mtaalamu ninayemnukuu ni huyo huyo Royce!

Fundi Uyole

Mleta mada, umetaja kufunikiwa mara nyingi, lakini matokeo hujayataja hata mara moja. Programu yako iliwashinda wajaribu au haikuwashinda? Kama hata hapa hujajibu, huenda mzee aliona unazunguka.

Nzovwe_Mwisho

Iliwashinda kwenye ujumbe uliokatika, kwa sababu wajaribu walitumia majina mafupi ya Juma na Asha, na wao ndio walioshinda kwenye maneno yenye utata, ambayo programu haiwezi kuyaona. Yote yamo Sura ya Nne. Slaidi ya matokeo ndiyo iliyokuwa inafuata alipofunika.

Fundi Uyole

Ungeanza na slaidi hiyo. Jopo lina njaa, ni saa saba mchana, wewe unawaonyesha menyu ya parachichi.

Mama Mwanjelwa

Fundi, usimtetee aliyekosa adabu. Mwalimu anaweza kuikataa kazi, ila kuifunika hana ruhusa. Hata hivyo, mleta mada, wewe umefunikiwa kompyuta tu. Mimi nililazimishwa kuingiza kielelezo cha Davis cha mwaka 1989, kile kinachoeleza watu kukubali teknolojia kwa manufaa na urahisi wa kutumia, katika utafiti wa usalama wa nywila. Nilipima urahisi wa nywila zilizoibwa!

Kipunji

Hicho cha Davis kiko katika kila tasnifu ya hapa, hata zile za mitambo ya maji.

Mnyalukolo wa Kitwiru

Mnayoyasema ni madogo mbele ya yale ya majarida. Chuo kinataka uchapishe makala kabla ya kuhitimu. Msimamizi wangu akaweka jina lake mbele ya langu, akanielekeza kwenye jarida lililopokea makala Jumatatu na kuikubali Jumatano. Hakuna mhakiki aliyeuliza lolote, ila ankara ilikuja haraka, kwa dola. Sasa tovuti haifunguki na chuo kinasema makala haionekani.

Fundi Uyole

Ulipaswa kukagua kabla ya kulipa. Orodha ya majarida ya kitapeli ya Jeffrey Beall, yule mkutubi wa Colorado, ilitoweka mtandaoni 2017, lakini nakala zake bado zipo. Jarida linalokubali ndani ya siku mbili halijasoma.

Mnyalukolo wa Kitwiru

Ningekagua vipi, wakati aliyelichagua ndiye anayesaini fomu yangu?

Mama Mwanjelwa

Hapo umesema. Na pesa ulitoa wewe au yeye?

Mnyalukolo wa Kitwiru

Mimi. Jina la kwanza lake.

Nzovwe_Mwisho

Jamani, turudi kwenye mada. Alifunika.

Kipunji

Mkuu, tumekusikia. Mnyalukolo, hilo jarida linaanza na herufi gani? Nimeelekezwa kulipa kabla ya Ijumaa na nina wasiwasi ni lile lile. Nitumie kwa ujumbe wa faragha.