Mzee kaniita muasi, na kahawa sijaing'oa. Nishaurini

Kitindamimba_Kibosho
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ndiye wa mwisho kuzaliwa, kazi yangu iko Moshi mjini, na kwa mila yetu Wachaga kihamba (shamba la ukoo) kitakuwa changu. Mwaka juzi nilimwomba mzee ning'oe kahawa nipande parachichi. Akajibu, "Usiguse hata shina moja." Sikugusa. Ila sikupogoa, sikuweka samadi, na zamu yetu ya maji ya mfongo (mfereji wa kumwagilia) nikawa namwachia jirani. Nusu ya mibuni imekauka. Jumapili mzee kapita shambani, kaniita muasi mbele ya mke wangu. Nimeasi nini na amri niliitii?

MamaWaKiborloni
Mwanangu, "usiguse" ndiyo usipalilie? Mzee alikuwa anailinda kahawa yake, na wewe ulilijua hilo siku ileile. Hebu niambie, miche ya parachichi ulishanunua? Nauliza tu.

Kitindamimba_Kibosho
Mama, thelathini. Iko nyuma ya jiko.

MamaWaKiborloni
Nilijua!

ChakiMkononi
Tusichanganye maneno. Kukataa ni kumwambia mtu "hapana" akiwa anakuona. Kukaidi ni kukanywa ukaendelea vilevile. Kuasi ni kumvua mtu mamlaka yake. Ndiyo maana askari wa jeshi la Tanganyika Rifles waliowageuka wakubwa wao Januari 1964, hatusemi walikaidi, tunasema waliasi. Kwa hiyo mzee kalikuza neno. Lakini na utii wako ni wa mdomo tu. Kiswahili kinamwita mtoto mtiifu "msikivu", na wewe ulichosikia ni sauti. Ungemkatalia waziwazi mwaka juzi, mngegombana wiki mbili yakaisha.

Dalali_Mjini
Vuta subira, kihamba si chako?

MamaWaKiborloni
Huyu msimjibu.

MangiWaMachame
Mdogo wangu, kata isale, lile jani letu la kuombea msamaha, umwendee mzee na mtu mzima wa ukoo, asubuhi kabla watu hawajaanza kunywa mbege. Isale likishashikwa, ni vigumu Mchaga kukunyima msamaha. Habari ya parachichi usiitaje siku hiyo! Baadaye nenda TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, wana miche ya kahawa inayohimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Pale palipokauka mwombe mpande upya pamoja.

Kitindamimba_Kibosho
Shangazi amekubali kunisindikiza Jumamosi. Miche thelathini ameichukua yeye, anasema ni nauli yake. Jana usiku zamu ya maji ilikuwa yetu, nimefungulia mpaka saa tisa.