Uzio wa alumini au wa vinili: upi nifunge nyumbani?

Kichuguu
Wakuu, habari za saa hizi. Nyumba imeisha, sasa nimefika kwenye uzio na nimekwama kati ya alumini na vinili, ile plastiki ngumu ya PVC. Mbao sizitaki, nimechoka na mchwa. Mbele kiwanja kinateremka kuelekea barabarani. Nyuma napakana na jirani ambaye dirisha lake linatazama moja kwa moja pale tunapokaa jioni. Nina watoto wadogo na mbwa mmoja mchimbaji. Kila muuzaji anasema chake "hakihitaji matunzo". Mliotumia, nipeni ukweli.

FundiPima
Mkuu, nusu ya jibu unayo tayari. Mbele unataka mpaka, nyuma unataka sitara. Hizo ni kazi mbili tofauti, na si lazima kifaa kimoja kizifanye zote.

Alumini ya kawaida ni vijiti vilivyoachana, jirani atakuona kama kawaida. Zipo za mabamba yaliyobanana, ila bei yake inapaa. Kwa sitara vinili inaziba kabisa.

Kwenye mteremko alumini inashinda. Paneli nyingi vijiti vyake vinacheza kwenye mihimili, zile fito za kulala zinazovishika, kwa hiyo inalala kufuata ardhi. Vinili iliyoziba mara nyingi inashushwa ngazi kwa ngazi, na chini ya kila paneli panabaki uwazi wa pembetatu. Mbwa wako atakushukuru.

Mama Wawili
Hahaa, fundi kamaliza habari ya mbwa.

Mimi nina vinili nyeupe. Kupaka rangi ni kweli hakuna. Ila upande usiopata jua unaota ukungu wa kijani, na tope la mvua linarukia sehemu ya chini. Maji ya sabuni na brashi laini vinatosha. Brashi ya waya usiiguse, itaacha michirizi isiyofutika. Na mwambie anayekata nyasi asisogeze mashine hadi kwenye nguzo. Za kwangu zote zimechubuka pale chini, alama zinaonekana kutoka barazani.

Jingine ni moto. PVC inaanza kulegea ikifika nyuzi joto 80 hivi, haingoji kuwaka. Jiko la mkaa likikaa karibu, bamba linajikunja na halinyooki tena.

Chumvi
Naongea kwa sisi tulio karibu na bahari. Alumini haipati kutu nyekundu, hilo kweli, maana juu yake hujifunga utando mwembamba unaoilinda. Lakini hewa ya chumvi inautoboa utando huo. Unaona vidoti vya unga mweupe, hasa rangi ilipokwanguka. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza habari za rangi: ile ya unga iliyookwa kiwandani inadumu kuliko ya kupulizwa.

Halafu skrubu. Ukifunga alumini kwa skrubu za chuma cha kawaida, maji ya chumvi yakiingia katikati, inayoliwa ni alumini. Dai za stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, na washa (vile vipete bapa) za plastiki chini yake. Na ile sehemu ya nguzo inayozama kwenye zege ipakwe lami kwanza, kwa sababu saruji mbichi nayo inaitafuna alumini. Mafundi wengi hapo wanaruka.

Mbishi Asilia
Mbona hamsemi kwamba vinili ikigongwa inapasuka? Alumini inabonyea, inaendelea kusimama. Na siku ukiibomoa, alumini ina mnunuzi: kuiyeyusha upya kunatumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kuitengeneza kutoka kwenye madini. Plastiki yako nani ataitaka?

FundiPima
Sawa Mbishi, ila mnunuzi huyo huyo ndiye anayemfanya mwizi aje na spana usiku. Vinili haiibiwi.

Ninachokiogopa mimi kwenye vinili ni upepo. Paneli iliyoziba ya mita 1.8 kwa 2.4 ni tanga. Upepo wa kilomita 90 kwa saa unaisukuma kwa nguvu ya kama kilo 170, na mzigo huo wote unaishia kwenye nguzo za plastiki zilizo tupu ndani. Kasi ikizidi maradufu, msukumo unakuwa mara nne. Kwenye vijiti vya alumini upepo mwingi unapita.

Kwa hiyo ukiamua vinili, pesa iende kwenye nguzo. Ndani yake ingiza bomba la chuma au nondo na zege, hasa za pembeni na za geti. Theluthi moja ya urefu wa nguzo izame ardhini. Muhimili wa chini uwe na kiini cha chuma au alumini, la sivyo baada ya muda utaona unatengeneza tumbo.

Na joto: PVC inatanuka kama mara mbili na nusu ya alumini. Muhimili wa mita 2.4, joto likipanda nyuzi 40, unarefuka milimita 6 hivi. Fundi akiukaza pande zote mbili bila kuacha nafasi ndani ya nguzo, jua kali litaupinda. Rangi nyeusi ndiyo mbaya zaidi, inakusanya joto. Bakia kwenye nyeupe.

Kichuguu
Basi naona mbele alumini, nyuma vinili. Pale zinapokutana kwenye kona nafanyaje? Na watoto, vijiti viachane kiasi gani?

FundiPima
Kwenye kona kila upande uwe na nguzo yake, zisimame jirani. Usizifunge kwenye nguzo moja, alumini na vinili hazitanuki sawa. Vijiti visizidi sentimita 10 kati yake, na muhimili wa katikati uukatae, watoto wanaufanya ngazi. Kama mbwa atazaa, watoto wa mbwa watapenya hata hapo. Ongeza wavu mfupi chini.

Mama Wawili
Geti mkuu, usisahau. Geti la vinili lisilo na fremu ya chuma ndani litalala tu, utakuwa unalinyanyua kila ukifunga.

Kichuguu
Geti ni la watu tu, upana wa mita moja na robo.

FundiPima
Weka la alumini, bawaba tatu. Nguzo ya bawaba isimamishwe kwanza, ipigwe pima maji pande mbili, na zege ikae wiki nzima kabla hujatundika kitu. Ukipata vipimo vya mteremko vilete hapa, tuhesabu paneli.