Siku moja Mombasa na watoto na bibi yao: Fort Jesus, Jumba la Mtwana au Gede?

Msafiri_Nakuru
Wakuu, habari zenu. Desemba tunashuka Mombasa kwa treni: mimi, mke wangu, watoto watatu (mkubwa ana miaka 12, mdogo 4) na mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua. Siku nyingine zote ni za bahari, lakini moja nimeahidi itakuwa ya historia. Tutalala Nyali na tutakodi gari. Nimebaki na hizo tatu hapo juu. Mngechagua wapi?

KuzeMjiWaKale
Fort Jesus, wala si jambo la kuuliza. Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Mtaliano, Cairati. Waomani wakaizingira Machi 1696, na haikuanguka mpaka Desemba 1698. Baadaye Mwingereza akaigeuza jela. Kwenye makumbusho ya ndani kuna vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama 1697 pale pale mbele ya ngome, wakati wa mazingiwa hayo. Huyo wa miaka 12 muoneshe kwanza mizinga, halafu vitu vya meli, halafu mpandishe ukutani aione bahari yenyewe. Hatakuuliza tena kwa nini mmekuja.
Fika saa mbili asubuhi. Ikigonga saa sita, lile jiwe ni kama kaango. Mkitoka, piteni mtaa wa Ndia Kuu polepole, mtafute mahamri na mbaazi.

BintiKilifi
Kaka wa Kuze anavutia kwao, haya. Lakini umesoma pale penye magoti? Ngome ina miinuko na ngazi, na sehemu kubwa iko juani.
Mimi nasema Gede, yale magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Ni tambarare, njia ni za udongo, na miti mikubwa inafunika karibu kila mahali. Mtaona msikiti mkuu, kasri, visima virefu, na kaburi lenye tarehe: mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Vipande vya vyombo vya Kichina vimefukuliwa humo, kwa hiyo msidhani palikuwa kijiji cha wavuvi tu. Kufikia karne ya 17 watu wameshahama, na hadi leo wataalamu wanabishana kama ni maji ya visima yalishuka au ni mashambulizi ya Waoromo. Mwaka 2024 UNESCO wakapaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia.
Watoto watapenda kima. Ila asiingie mtu na ndizi mkononi. Na hapo hapo kuna mradi wa Kipepeo, ambako wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke huleta pupa wa vipepeo (wale waliojifunga kabla ya kuota mabawa) wa kuuzwa nje. Mdogo wako wa miaka minne atasahau msikiti, vipepeo hatasahau.

DerevaMtwapa
Dada, umesema yote isipokuwa barabara. Gede ni kama kilomita 100 kutoka Mombasa, na Desemba foleni ya Mtwapa unaijua. Kwenda na kurudi, nusu ya siku imeishia garini na mzee mwenye magoti.
Jumba la Mtwana, mkishavuka daraja la Mtwapa, ni mwendo mfupi tu. Ni mji wa karne ya 14: nyumba za mawe ya matumbawe, mibuyu, na msikiti ulio karibu kabisa na maji. Nje ya msikiti kuna kaburi lenye aya ya "kila nafsi itaonja mauti". Mara nyingi ni nyinyi na upepo. Bi mkubwa akichoka atakaa kivulini huku watoto wakiteremka ufuoni.

Mwalimu_Likoni
Jumba napapenda, lakini bila mtu wa kuwaelezea, watoto wataona kuta zisizo na paa, basi. Chukueni mwongozaji pale mlangoni, au msiende.
Kwa siku moja, mimi ningefanya ngome asubuhi na Haller Park jioni.

KuzeMjiWaKale
Haller Park ni wanyama, Mwalimu. Jamaa ameuliza historia.

Mwalimu_Likoni
Kwani shimo la machimbo ya saruji kugeuzwa msitu si historia? Lilikuwa tupu, jiwe na chumvi. René Haller, ambaye bustani imepewa jina lake, akaanza kupanda mivinje 1971. Na ndipo alipoletwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyebaki peke yake baada ya tsunami ya 2004, akamganda kobe Mzee. Waulize hao watoto wako wangependa kusikia kipi.

Msafiri_Nakuru
Asanteni. Naona Gede itasubiri safari ya kulala Watamu. Nimeegemea Jumba asubuhi na mama, halafu mimi na mkubwa twende ngome peke yetu siku nyingine mapema, wenzetu wakiwa baharini. Tiketi nilipe vipi?

DerevaMtwapa
Uwe na simu yenye pesa, noti usizitegemee. Na Jumba beba maji na dawa ya mbu.

BintiKilifi
Mama asivae ndara, jamani. Yale matumbawe yana meno.