Naomba ushauri: vijana wetu wanacheza dansi ya viatu vya chuma kwenye saruji

Ndugu wanajamvi, ninasimamia kikundi cha vijana hapa Ilemela, Mwanza, wanaofanya mazoezi ya 42nd Street, tamthilia ya muziki iliyofika Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maonyesho jijini New York, mwaka 1980, inayomhusu msichana mgeni anayeshika nafasi ya nyota aliyeumia kifundo cha mguu. Dansi yake huchezwa kwa viatu vyenye vibati vya chuma kwenye soli, lakini ukumbi wetu una sakafu ya saruji, ambayo haibonyei hata kidogo, hivyo kishindo chote huishia magotini na kwenye miundi. Wasichana wawili tayari wanalalamika maumivu, na sitaki kabisa tuyajue hayo ya kifundo kwa vitendo. Je, plaiwudi juu ya fremu ya mbao itatosha, na iwe ya unene gani?